Mjadala: Darasa la tatu na la nne, timu za kumi na mmoja za nini?

Mwalimu wa michezo, Mikindani

Ndugu zangu, napendekeza shule zetu za msingi ziache kuwapanga watoto wa darasa la tatu na la nne katika timu za soka za wachezaji kumi na mmoja. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ukigawanywa kwa wachezaji 22, kila mmoja hubaki na zaidi ya mita 300 za mraba. Mtoto wa miaka tisa aliyepangwa beki anaweza kumaliza kipindi kizima akiwa ameugusa mpira mara chache tu, na kila alipougusa alipigiwa kelele abutue. Wanne kwa wanne, katika eneo la mita 30 kwa 20, mpira humrudia kabla hajatulia, naye hulazimika kuamua mwenyewe kama apige chenga, atoe pasi au autulize kwanza. Kuamua huko ndiko kufikiri. Ujerumani, tangu msimu wa 2024/25, watoto wadogo huanza kwa mechi za wawili kwa wawili na watatu kwa watatu.

Mzazi, Lindi

Mwalimu, hesabu yako siipingi. Lakini soka la UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, huchezwa na timu za kumi na mmoja, na mtoto aliyezoea uwanja mdogo atapotea siku ya mchujo. Tena chandimu, soka la mtaani, wanacheza kila jioni chini ya mikorosho. Shuleni wafundishwe wasichokipata nyumbani.

Mwalimu wa michezo, Mikindani

Ndugu mzazi, darasa la sita na la saba wauzoee uwanja mkubwa, hilo sina ubishi nalo. Hoja yako ya chandimu ndiyo nzito. Chandimu imewalea wengi, ila huko mdogo kuliko wote huwekwa golini, wasichana hubaki watazamaji, na mwenye mpira ndiye mpanga timu. Shuleni mwalimu anaweza kubadilisha sharti moja tu, kwa mfano kuweka vigoli viwili kila upande ili mtoto ainue macho kutafuta kisicholindwa, kisha akanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi kulinichukua muhula mzima, kwa sababu mtoto akikosea mbele yangu ulimi huniwasha.

Mwalimu wa darasa, Newala

Nina wanafunzi zaidi ya sitini na mpira mmoja. Vikundi vinane vya wanne kwa wanne vitacheza na nini?

Mwalimu wa michezo, Mikindani

Mipira ya matambara na kamba, Mwalimu. Watoto wenyewe huisuka vizuri kuliko sisi, na kwa kuwa hairuki sana, huwafaa wanaojifunza kuutuliza mpira.