Wewe mwenye kucha, ubao wangu wa pinboli umekukosea nini?

NguzoYaPembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Natetemeka, herufi zikirukana mtanivumilia.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule bwana ambaye kila ubao wa pinboli (ule uso wenye michoro unaobingirikia mpira wa chuma) uliowahi kung'arishwa duniani ama alishauri yeye ama aliukataa. Hajawahi kuweka humu picha ya kazi yake hata moja, ila ukiweka ya kwako anaikuza mpaka anaona vumbi la mwaka juzi. Jina silitaji, mods (wasimamizi wa jukwaa) wako macho, na sina haja ya kulitaja maana nusu yenu mmeshaanza kucheka.

Leo kaja. Ubao umelala mezani, uso juu, kliya, ile vanishi angavu ya juu, imeshapulizwa, inang'aa kiasi kwamba ukiinama unasoma wati za balbu ya darini humo ndani. Hakusalimia. Hakuuliza. Kainama, kanyoosha dole gumba, KAZAMISHA KUCHA kwenye kliya. Katikati kabisa, shavuni kwa yule dada aliyechorwa juu ya flipa, ule mkono wa kupigia mpira. Kabonyeza, kazungusha kidogo, katoa, kaitazama alama yake, kisha akatamka maneno mawili tu:

"Bado mbichi."

BADO MBICHI!

Najua ni mbichi! Ndiyo maana imelala pale haijafungwa hata skrubu moja! Kliya ya magari, ile ya kuchanganya na hadina (kigumishi), juu inakauka kwa saa kadhaa lakini ndani inaendelea kukomaa kwa wiki. Ukiharakisha kufunga vifaa, nguzo zinadidimia, kliya inavimba kuzizunguka. Huyu bwana hayo yote anayajua. Hapo ndipo damu inapochemka. Angekuwa hajui ningesema mshamba, basi. Alijua ni mbichi, NDIYO MAANA AKABONYEZA.

Na angebonyeza hata pembeni, pale panapofunikwa na plastiki, ningenyamaza. Kachagua shavu. Wanaofanya kazi hii mnajua rangi ya ngozi ilivyo na roho mbaya. Kiwandani waliichapa kwa skrini, bapa, rangi moja imelala haina kivuli wala mchoro, kwa hiyo ukikosea kidogo tu kiraka kinapiga kelele. Lile shavu mpira ulikuwa umeshalila mpaka kwenye mbao, uchafu mweusi umeingia kwenye nyuzi za plaiwudi. Nimeusafisha kwa sponji ya melamini na alkoholi, kidogo kidogo, maana ukinogewa unafuta uchafu na wino wake. Nikapuliza kliya nyepesi ya kwanza kufunga wino wa asili, ili rangi yangu ikikataa niifute bila kugusa ya kiwandani. Halafu ndiyo nikaanza kuchanganya: nyeupe, njano, chembe ya nyekundu, kahawia ya kunusisha tu. Tone likiwa bichi linafanana kabisa na ubao. Likikauka limekuwa jeusi zaidi. Mwaga, anza upya. Nimechanganya mpaka sasa nikiongea na mtu namwangalia shavu namhesabia matone ya njano.

Siku lilipokubali, mpaka wa rangi ya zamani na mpya siuoni hata mimi niliyeuchora.

Akaja akaweka kucha.

Na ile kucha yenyewe! Ni ya dole gumba peke yake, vidole vingine vyote kakata. Kaifuga. Mtu hafugi kucha moja bila mpango.

Sasa hivi shavuni kuna hilali. Ukiwasha tochi kwa ubavu unaiona imeinuka kingo zote mbili, imepinda vizuri, hata dokta hawezi kushona hivyo. Na anatoka mlangoni anageuka, mimi nadhani anaomba radhi, anasema, "Ungetumia vanishi ya maji."

Sitaki ushauri. Nataka mumlaani tu.

FlipaKushoto

Pole mkuu, lakini hapo pa "kaifuga" nimetema maji kwenye kibodi. Kucha hiyo naifahamu, tena kwa karibu. Kwangu alikuja akapima nayo usawa wa vidirisha vya taa, vile vya plastiki vilivyopachikwa kwenye ubao juu ya balbu. Anaiburuta juu ya ubao, krrr, krrr, krrr, amefumba macho kabisa, halafu anasimama: "Hiki kimezama."

Na kweli kilikuwa kimezama. Ila sikumwambia.

MzeeWaRelei

Kijana, mlango una komeo. Umeacha ubao mbichi chumba kinachopitika, leo unatulilia humu?

NguzoYaPembeni

Mzee shikamoo. Komeo ni la wezi. Mwizi angekuwa na adabu, angeushika kwa kingo akaondoka nao salama. Huyu hakuja kuiba, kaja kuweka KUCHA.

KliyaNene

Bila picha hii ni chai.

NguzoYaPembeni

[picha]

Furahi sasa.

KliyaNene

Nimeona. Ila mkuu, mbali na kucha, mbona kliya yenyewe ina mawimbi? Na pale karibu na kidirisha cha mshale naona kama kamchuruziko. Bunduki uliishikia wapi, chumba cha pili?

NguzoYaPembeni

Ndiyo maana kuna msasa! Ikikomaa napiga 800, 1000, 1500, 2000 na maji, halafu polishi. Nani anapiga msasa kliya mbichi?

KliyaNene

Basi na hiyo kucha itaondoka kwa msasa huohuo. Haijafika kwenye rangi. Tone la kliya juu yake, subiri, sawazisha, kwisha habari. Unalia nini?

NguzoYaPembeni

HATUONGELEI KUONDOKA. TUNAONGELEA KUCHA.

FlipaKushoto

Huyu leo halali.

BiTilti

Nyie mna bahati mnalia kucha. Ngoja niwape ya kwangu. Si huyo, ni yule mwenzake, naye mnamjua, mwenye "karakana" ambayo ni meza moja. Nilimpa ubao wa miaka ya 1980 anitolee Mylar, ile karatasi ya plastiki waliyobandika kiwandani kuzunguka bampa (zile zinazourusha mpira ukizigusa). Nikamsisitiza: baridi. Geuza kopo la hewa juu chini, gandisha, vuta polepole, gundi inabaki kwenye ubao, utaitoa baadaye kwa unga na alkoholi. "Sawa dada, sawa dada." Nikageuza mgongo akaleta mashine ya moto ya kuchubulia rangi.

Mylar ilitoka. Na wino ukatoka nayo. Nimekwenda kuchukua kazi yangu, ananipa mbao nyeupe mkono wa kulia, mkono wa kushoto ananipa Mylar, picha yote iko humo, nyota zote, herufi zote, imetoka kwa usafi wa kutisha. Ananiambia: "Hujapoteza kitu dada, iko yote hapa."

FlipaKushoto

Iko yote hapa!!! Jamani mimi naondoka.

NguzoYaPembeni

Pole Bi Tilti. Lakini wako angalau ulimpa kazi. Wangu hakuna aliyemwita.

MajiTu

Mwanzisha uzi, samahani, jamaa kucha alikosea, ila la vanishi ya maji kasema kweli. Hiyo kliya yako ya hadina ina aisosayaneti. Ulivaa nini usoni wakati unapuliza? Usiniambie barakoa ya vumbi. Ile haizuii kitu, na aisosayaneti hazikupi onyo la harufu, pumu ndiyo itakutambulisha. Wenyewe wanapuliza na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Vanishi ya maji unapaka kwa brashi ya sponji na unaishi.

KliyaNene

Unaishi ukitazama ubao ukikwaruzika upya. Ule ni mpira wa chuma, gramu 80, unapigwa na koili (sumaku za umeme) usiku kucha. Kwa nini unadhani watengenezaji Williams na Bally walihamia Diamondplate, kliya yao ngumu ya kiwandani, mwanzoni mwa miaka ya 1990? Kwa sababu laka ya zamani ilikuwa inaliwa mpaka mbao.

MajiTu

Kwako nyumbani nani anacheza usiku kucha? Mashine za biashara zilipigwa na watu mia kwa siku. Yako inapigwa na wewe na shemeji yako.

KliyaNene

Shemeji yangu umemjuaje?

MzeeWaRelei

Nawakumbusha tu kwamba mwaka 1942 New York walipiga marufuku pinboli, meya La Guardia akawa anazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku haikuondoka mpaka 1976. Mchezo huu umeonewa muda mrefu, kucha moja si lolote.

NguzoYaPembeni

Mzee, La Guardia alikuwa na nyundo, alikuja mchana, na alisema amekuja kuvunja. Namheshimu. Huyu wangu amekuja kama mgeni.

Solenoidi_Moto

Kwa kuwa tunatoa ya moyoni: aliyeniuzia ubao akaniapia haujawahi kupakwa kitu. "Nimeufuta tu kwa kitambaa kaka." Nimepuliza kliya, naangalia hivi, inafunguka vishimo vya duara, kliya inakimbia yenyewe, kama imeona deni. Ubao mzima. Kumbe amesugua nta yenye silikoni miaka yote. Nikafuta kwa nafta, nikapiga msasa, nikapuliza tena, vishimo vilevile, sehemu zilezile. Nikampigia, anasema "hiyo si nta, ni king'arisho."

BiTilti

Ni king'arisho. Jamani hawa watu wanazaliwa wapi?

FlipaKushoto

Ningekuwa wewe ningemwita mwenye kucha aje akuonyeshe ni vingapi.

Mgeni_77

Habari zenu, mimi mgeni humu. Swali: kwa nini msinunue tu ubao mpya uliochapwa upya, mkahamisha vitu vyote? Mbona mnajitesa?

KliyaNene

Toka.

MajiTu

Kwa mara ya kwanza naungana na KliyaNene. Toka.

Solenoidi_Moto

Mwacheni mgeni, ameuliza vizuri. Mdogo wangu, kwanza mashine nyingi hazina ubao wa kuchapwa upya. Pili, huo mpya nao una mambo yake. Watu wamefungua mashine mpya kutoka kiwandani, kliya imekusanyika kuzunguka nguzo, inavimba, sehemu nyingine inabanduka. Tatu, kuhamisha unaona ni "tu"? Kuna koili, swichi, soketi za taa, waya ambazo kila moja ina rangi yake, na yote iko upande wa chini. Ukimaliza utakuwa na skrubu tatu zimebaki na hutalala.

Mgeni_77

Asante kaka. Na je vile vidirisha vya taa, vya kwangu vinacheza ukigusa, ni kawaida?

MzeeWaRelei

Usipulize chochote juu yake kabla ya kuvifunga. Gundi ya zamani imekauka kwa joto la balbu. Ukipuliza kliya huku kidirisha kinacheza, kesho utaona mduara mweupe umekizunguka, hewa imeingia, na hapo hakuna msasa utakaokuokoa. Geuza ubao, tia gundi nyepesi ile ya kushika haraka kwa chini iingie yenyewe, au kitoe chote ukirudishe kwa epoksi. Kisha pima usawa.

FlipaKushoto

Pima kwa nini, Mzee? Sema.

MzeeWaRelei

Kwa rula ya chuma.

FlipaKushoto

Mzee sema ukweli.

MzeeWaRelei

Kucha inasikia vizuri zaidi. Lakini kliya ikiwa kavu!

NguzoYaPembeni

Mzee hata wewe?! Wakuu turudi kwenye mada. Shavuni. Alibonyeza AKAZUNGUSHA. Hakuna aliyegusia pale pa kuzungusha. Kubonyeza unaweza kusema aliteleza. Kuzungusha?

BiTilti

Mkuu tumesikia. Solenoidi, hiyo silikoni uliimalizaje? Mimi nina ubao wa pili na sasa naogopa.

Solenoidi_Moto

Nilikwangua yote nikaanza upya. Safari hii nilipuliza tabaka kavu sana mwanzo, ukungu tu, likashika, ndipo nikapuliza nene. Na nikabadilisha kila kitambaa kilichokuwa karakana. Inawezekana ndicho kilichokuwa kinarudisha.

MajiTu

Vanishi ya maji nayo inakimbia silikoni, kabla KliyaNene hajasema.

KliyaNene

Nilikuwa naandika.

Mgeni_77

Samahani tena. Mzee umesema joto la balbu. Mimi nimewekewa balbu za #44 zote. Nizitoe?

MzeeWaRelei

Weka #47. #44 inakula ampea 0.25, #47 inakula 0.15, volti ni zilezile 6.3. Mwanga unapungua kidogo, joto linapungua, vidirisha na rangi vinapumua.

FlipaKushoto

Au LED.

MzeeWaRelei

LED kwenye mashine ya relei, ya zamani isiyo na kompyuta? Wewe kijana una wazazi?

KliyaNene

Naomba LED zisiingie humu, huu uzi ulikuwa umetulia.

Mgeni_77

Lakini mwenye kuniuzia aliniambia hizi ndizo #47. Nimesoma kwenye kitako kwa tochi, zimeandikwa 44. Sanduku zima.

BiTilti

Subiri. Ana gari jeupe, kila kitu anasema "hii ni orijino kabisa"?

Mgeni_77

Ndiyo! Mnamjua?

BiTilti

Fungua uzi wake, mdogo wangu. Weka picha ya kitako cha balbu juu kabisa. Tunakuja wote.