Baba wa kambo na matunzo ya mtoto baada ya talaka

Swali, kutoka Chamwino

Ndugu zangu, niliolewa mwaka 2016 nikiwa na binti wa miaka miwili, na mume wangu akamlea kama wake, hata daftari lake la kwanza la shule alilitia jalada la gazeti kwa mkono wake mwenyewe. Sasa tunaachana, naye anasema atamtunza mdogo wa binti huyo tu, ambaye ni damu yake. Je, sheria inamruhusu?

Jibu la kwanza

Pole sana, dada. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia yake amtunze angali mdogo, kwa kadiri baba na mama waliomzaa wanavyoshindwa. Kwa hiyo mahakama itauliza kwanza habari za baba mzazi. Jambo linaloniumiza, na ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa, ni kwamba wajibu huo hukoma mzazi akimchukua mtoto, na gharama alizotumia mlezi anaweza kuzidai kwa wazazi kama deni. Tafadhali usiondoke na binti kabla ya kumwona mwanasheria.

Jibu la pili

Naongezea kwamba shauri lenu lianzie baraza la usuluhishi la ndoa, kwa maana mahakama huhitaji hati yake kabla ya kusikiliza ombi la talaka. Risiti za ada ya shule aliyolipa mumeo uzitunze.

Muuliza swali

Asanteni. Baba yake mzazi yupo Kondoa, nitamtafuta.