Mafundi, acheni kung'oa mashine za saa za urithi na kuweka betri!

Wakuu, habari za muda huu. Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mafundi saa, warithi na wauza vitu vya kale mitandaoni wausome mpaka mwisho.

Kuna mchezo umeshamiri. Saa ya ukutani ya marehemu babu, ile ya kasha la mbao yenye pendulamu na ya kugonga, inasimama. Inapelekwa kwa fundi. Fundi anaitazama dakika mbili, anasema "hii imekufa, spea hazipo", anang'oa mashine nzima ya shaba na kupachika mashine ya betri ya plastiki. Hela ya kazi anachukua, na mashine ya shaba anabaki nayo. Ili ile plastiki ipate pa kushika, anapigilia kipande cha plaiwudi nyuma ya uso wa saa, misumari inachana karatasi ya namba. Tundu la mshale wa zamani wa dakika huwa la mraba, halikai kwenye mashine ya betri, kwa hiyo mishale nayo inatupwa. Matundu mawili ya ufunguo yanabaki wazi kwenye uso, hayana kazi tena. Halafu mnaambiana saa imepona!

Haikupona. Imechinjwa, na katika nyingi ninazoziona zimefanyiwa hivyo haikuwa na ugonjwa wa maana.

Nyingi ya saa hizi kwenye nyumba za zamani za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, ni za Kimarekani au za Kijerumani: Ansonia, Seth Thomas, Junghans. Mashine zake hazitengenezwi tena. Ansonia ndiyo kabisa, maana mitambo ya kiwanda chake cha Brooklyn iliuzwa kwa Warusi mwaka 1929. Lakini kusema "spea hazipo" ni uongo. Springi kuu, utepe mwembamba wa chuma unaoning'iniza pendulamu, funguo na mishale, vyote bado vinatengenezwa vipya na kuuzwa kwa wapenzi wa saa. Tundu la shaba lililolika likawa la yai linawekewa bushi, kipete kidogo cha shaba, na mkerezaji yeyote mwenye mkono mtulivu. Kisichopatikana ni mashine yenyewe, na ndiyo hiyo mnayoiuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Na wanaosema "betri au ufunguo, si saa ni saa tu", nao wanisikilize. Watu hawakuitunza saa hii miaka yote kwa ajili ya kujua muda. Waliitunza kwa vituko vyake. Dakika chache kabla ya saa kamili inatoa mlio mdogo, "tk", mashine inajiweka tayari. Watoto wanaoijua wanaukimbilia mlio huo, wanasimama chini ya kasha. Saa ikitimia, nyundo inarudi nyuma na kuanza kupiga koili ya chuma, na kifeni cha shaba kinazunguka kwa mvumo kuzuia isigonge kwa pupa. Inagonga idadi ya saa, na kila nusu inagonga moja. Hesabu mwenyewe: mara 180 kwa siku, mara 1,440 kwa siku nane ambazo ufunguo mmoja unaibeba.

Kuna nyumba huipanga kwa saa zetu, ili saa moja asubuhi igonge moja na si saba. Hapo utamu unazidi: saa kumi na mbili na nusu inagonga moja, saa moja inagonga moja, saa moja na nusu inagonga moja, na muda wenyewe ndio ule watu wanahangaika na chai na sare za shule. Aliye chumbani hajui kama bado ana nafasi au ameshachelewa, nyumba nzima inabishana. Betri itakupa hilo?

Kupanga hivyo hakuhitaji fundi. Peleka mshale wa dakika mbele mizunguko sita, ukiisubiri igonge kila saa na kila nusu. Usiurudishe nyuma kupita kumi na mbili. Saa nyingi za Kimarekani huhesabu kwa gurudumu lenye pengo fupi na refu, haliangalii mshale uko wapi, linajua tu kinachofuata baada ya kilichopita. Ukilivuruga, saa tatu itagonga kumi na moja. Hapo ndipo mnakimbilia kwa fundi na yeye anasema "imechanganyikiwa, tuitoe". Jamani! Mshale wa saa umebanwa kwa msuguano tu. Sikiliza imegonga ngapi, usukume mshale mfupi kwa kidole mpaka namba hiyo, kisha peleka ule wa dakika mbele mpaka muda sahihi, taratibu, ukiiacha igonge njiani. Umemaliza.

Sasa kusimama. Sababu inayoongoza ni kwamba saa imehamishwa ukuta. Tia ufunguo matundu yote mawili (kwa kawaida la kulia ni la mwendo, la kushoto la kugonga), sukuma pendulamu, sikiliza. Inatakiwa tik na tak zipishane kwa nafasi sawa. Ukisikia inachechemea, tik-tak, kimya, tik-tak, kimya, itasimama tu. Sogeza chini ya kasha kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka mlio usawazike, weka alama ya penseli ukutani. Kama imesawazika lakini kasha limekaa upande, linyooshe, kisha pinda kidogo sana ule waya unaosukuma pendulamu. Kuta za mawe za nyumba za kale hazijanyooka, kwa hiyo weka kabari nyuma. Kasha likitikisika linakula nguvu ya pendulamu.

Ikichelewa, pandisha pendulamu kwa nati ya chini, ikiwahi, shusha. Nendeni taratibu: pendulamu ya sentimita 25, milimita moja tu ni karibu dakika tatu kwa siku.

Mafuta. Hapa ndipo damu inanichemka. Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, dawa ya kupuliza ya kufungulia nati zenye kutu: vyote nimeviona ndani ya mashine hizi, vimeganda na vumbi vikawa gundi. Mnatakiwa mafuta ya saa, tone la ncha ya sindano kwenye kila kitundu cha ekseli, lisijaze hata kikombe chake, yaani kishimo kinachokizunguka. Kwenye meno ya magurudumu usiweke kabisa, yatashika vumbi na kusaga shaba. Na kuichovya mashine nzima kwenye mafuta ya taa bila kuifungua si kusafisha, uchafu unabaki ndani ya mikunjo ya springi.

Uchafu huohuo ndio unaozaa ule uongo mwingine, "umekaza ufunguo kupita kiasi, umeiua". Springi iliyojaa na saa haitembei maana yake kuna msuguano. Inataka kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta. Ila hiyo kazi si ya kila mtu: springi iliyojaa ikiachiwa ghafla inakata vidole. Lazima ishushwe kwanza kwa ufunguo, ulimi wa kuzuia ukiinuliwa, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko.

Mlio ukiwa wa bati, ngozi ya kichwa cha nyundo imekauka. Itoboe kwa sindano au weka kipande kipya. Ukiwa mzito usio na mwangwi, nyundo inagusa koili ikipumzika, iache nafasi ya milimita moja au mbili. Anayekerwa na kelele usiku asitie ufunguo wa kushoto. Saa nyingi za Kimarekani zitatembea kimya.

Na wenye msasa na vanishi: kasha lile lina rangi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti. Kitambaa kikavu kinatosha. Kioo cha chini chenye picha kimechorwa kwa nyuma, usipitishe kitu chochote upande wa ndani.

Waliokwisha kuwekewa betri: kama ni juzi, mfuateni fundi leo hii mkadai mashine yenu. Mtaitambua kwa jina lililogongwa kwenye bamba la nyuma, na matundu mawili ya ufunguo lazima yalingane na yale ya kwenye uso. Dai pia koili, nyundo, mishale na pendulamu. Na anayepeleka saa kwa fundi kesho, apige picha ya mashine kabla hajaiacha na waandikishane kwamba kila kilichotolewa kinarudi kwa mwenyewe.