Pirates wa Pittsburgh: Wagner, Clemente au Stargell, nani namba moja?

MzeeWaBesi: Wakuu, heshima kwenu. Jana nimevuka daraja la Roberto Clemente kwa miguu (siku ya mechi magari hayapiti) kumpeleka mwanangu PNC Park, uwanja wa besiboli wa Pirates. Nje ya uwanja zipo sanamu 4: Wagner, Clemente, Stargell na Mazeroski. Mtoto akaniuliza, "Baba, nani mkali kuliko wote?" Nikameza mate. Kwa namba namtaja Honus Wagner: bingwa wa wapigaji mara 8, wastani 0.328, na World Series (fainali ya ubingwa) ya 1909 alimfunika Ty Cobb wa Detroit mchana kweupe. Cooperstown (jumba la heshima la besiboli) ilipochagua magwiji wake 5 wa kwanza mwaka 1936, naye alikuwemo. Haya, tupeni hoja.

Kiboko412: Shikamoo mzee. Wagner alicheza enzi ambazo mtu mweusi haruhusiwi kucheza ligi kuu. Hata baadaye, Josh Gibson, mpigaji hatari, alikuwa hapa hapa mjini na Crawfords na Homestead Grays, timu za weusi, Pirates wakampita kama hawamwoni. Hizo namba zipunguze chumvi. Wangu Clemente: misimu 18, yote Pirates, Gold Glove (tuzo ya ulinzi bora) 12. Alicheza World Series mbili, 1960 na 1971, jumla mechi 14, na hakuna hata moja aliyotoka bila pigo.

MtuWaPwani: Samahani ndugu zangu, mimi ni wa kriketi. Hiyo 0.328 ndiyo nini?

DadaZuhura: Kaka, ni kwamba kila akipewa nafasi kumi anafanikiwa kupiga mpira na kufika besi kama tatu hivi; hilo ndilo tunaita pigo. Zilizobaki anarudi benchi na gongo lake (la kupigia, usije ukafikiria lile lingine).

MtuWaPwani: Yaani ukikosa mara saba kwa kumi unajengewa sanamu? Mwalimu wangu wa hesabu alinionea sana.

DadaZuhura: 😂 Narudi kwa Clemente. Tarehe 30 Septemba 1972 alipiga pigo lake la 3,000, akasimama besi ya pili, akavua kofia. Msimu wa kawaida hakupiga tena. Desemba 31 alipanda ndege iliyojaa misaada ya waliokumbwa na tetemeko la Managua, ikaanguka baharini karibu na San Juan. Cooperstown haikusubiri ile miaka 5 ya kawaida baada ya mtu kuacha kucheza, ikamwingiza 1973. Halafu kumbukeni kadi zake (zile za picha za wachezaji) za miaka ile ziliandikwa "Bob", ilhali mwenyewe alisema anaitwa Roberto.

Kiboko412: Na ukuta wa kulia pale PNC Park una urefu wa futi 21, kwa sababu ya jezi yake namba 21. Nimemaliza.

MpigaMbali: Hujamaliza. Nyie mnataka mtu wa kulia naye, mimi nataka mtu wa kushinda naye. Willie Stargell, homurani (mpira unaovuka ukuta) 475, zote kwa jezi ya Pirates. Mwaka 1979 ana miaka 39, magoti yamechoka, mechi ya 7 ya World Series kule Baltimore anapiga homurani inayogeuza mchezo. Ndiye aliyekuwa akiwagawia wenzake vinyota vya kushona kwenye kofia, na watu wazima wakavigombea kama pipi. Alifariki asubuhi ya Aprili 9, 2001, siku ileile PNC Park inafungua msimu wake wa kwanza.

MzeeWaBesi: Stargell simkatai. Ila kwenye ulinzi, ukimweka kando ya Wagner au Clemente anapwaya.

Msafiri_88: Mbona Barry Bonds mmemruka? Mchezaji bora wa ligi 1990 na 1992, akiwa hapo hapo Pirates.

Kiboko412: Miaka 7 tu, akaenda zake San Francisco. Mechi yake ya mwisho na sisi, Atlanta 1992, alirusha mpira kwenye besi ya nyumbani, ila Sid Bream wa Atlanta, mtu mzito kama gunia, akafika kabla yake, wakatutoa. Baada ya hapo misimu 20 mfululizo tunashindwa zaidi ya tunavyoshinda. Usinitibue, tafadhali.

DadaZuhura: Mzee, mtoto mwenyewe kasemaje?

MzeeWaBesi: Kachagua Mazeroski! Nikamweleza habari zote hizi za Wagner, hata ile kadi yake iliyouzwa zaidi ya dola milioni 7 mwaka 2022. Wapi. Ameona sanamu inakimbia imenyoosha mikono, akauliza kwa nini. Nikamwambia World Series ya 1960, mechi ya 7 dhidi ya Yankees wa New York, 9 kwa 9, huyu akapiga mpira ukavuka ukuta. Basi njia nzima ya kurudi, darajani, alikimbia mbele yangu mikono juu.

Kiboko412: Hapo sina jibu.