Mrejesho: Nilianza ratiba ya ujenzi kwa karatasi

Wakuu, niliuliza kama msimamizi wa saiti anayeanza aende moja kwa moja kwenye Primavera P6 (programu ya kompyuta ya kupanga ratiba za miradi) au ajifunze kwanza kupanga ratiba kwa mkono. Wengi mlisema karatasi. Ahsanteni sana, mlinipa ushauri wa maana.

Nimefanyia mazoezi nyumba ya ghorofa moja tunayojenga hapa Dar. Niliandika kila kazi, muda wake, na kazi inayopaswa kuitangulia. Kisha nikahesabu kwenda mbele (kila kazi inaweza kuanza mapema lini) na kurudi nyuma (inaweza kuchelewa hadi lini bila kusogeza mwisho). Hapo ndipo jamvi la juu (sakafu ya zege ya ghorofani) liliponifungua macho: kufunga mbao, kusuka nondo, kulaza mabomba ya umeme, kumwaga zege, kisha mirunda inayolishikilia ikae siku 14 kama alivyoagiza mhandisi. Huwezi kuharakisha zege kwa kuongeza vibarua! Plasta ya chini yote inangoja hapo. Oda ya madirisha ya alumini, ambayo kila mtu alikuwa akiipigia kelele, ina nafasi ya kuchelewa wiki nzima bila kusogeza tarehe ya kukabidhi.

Fundi mkuu alipoiona chati aliomba kumwaga zege kusogezwe kabla ya masika ya Machi. Tumekubaliana.

Sasa nahamishia kazi hizo kwenye ProjectLibre, programu nyingine ya kupanga ratiba, maana ni ya bure. Kilichobaki kunisumbua ni kugawa mafundi wale wale kwenye kazi mbili za wakati mmoja. Mwenye uzoefu na hilo naomba anielekeze.