Naomba ushauri kuhusu kufundisha neno "nice"

Ndugu zangu, ninafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, kwa wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Neno "nice" lilitoka katika Kilatini "nescius", yaani asiyejua, likapitia Kifaransa cha kale na kuingia katika Kiingereza karibu mwaka 1300, likimaanisha mpumbavu. Baadaye lilimhusu mtu mwenye haya, kisha mtu mchaguzi, na ni katika karne ya 18 ndipo lilipozoeleka kwa maana ya kupendeza, hata likafikia wema. Safari hiyo inanigusa sana, hasa nikikumbuka kwamba "gentil" la Kifaransa, yaani mwema au mpole, ambalo wanafunzi wetu wanalitumia kila siku, lilianzia kwenye ukoo na uzawa bora. Natamani kuwaeleza haya yote, lakini nahofia kwamba wanaoanza watashika maana iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Je, walimu wenzangu, nianze na matumizi ya leo, kwa mtu, chakula na hali ya hewa, kisha historia ingoje mwaka wa sita? Na mtu anaposifiwa kwa neno hilo, niwafasirie "mwema" au "mpole"?