Ng'ombe anaharisha, anakula vizuri, anakonda: dawa za minyoo zimeshindwa

mfugaji_nyanda: Wakuu, naomba msaada. Ng'ombe Friesian, miaka minne, uzao wa pili. Ameanza kuharisha wiki chache baada ya kuzaa. Kinyesi kama uji mwepesi, hakina damu, homa hana, pumba anamaliza. Ila mbavu zinahesabika na sasa ana uvimbe laini chini ya taya. Kapewa albendazole ya minyoo na oxytetracycline, ambayo ni antibayotiki. Anatulia siku mbili tatu, anarudia. Wenzake wazima. Hakuna ng'ombe mgeni aliyeingia mwaka huu, sasa ugonjwa umetoka wapi?

dkt_wa_zizi: Mgeni wa mwaka huu hahusiki. Angalia huyu alikuwa wapi akiwa ndama. Hizo dalili zinaelekea ugonjwa wa Johne. Bakteria wake ni Mycobacterium paratuberculosis, wa jamii moja na wa kifua kikuu, na ng'ombe wengi humpata miezi ya mwanzo ya maisha: ananyonya chuchu yenye kinyesi, au anakunywa dang'a na maziwa ya mama mgonjwa.

Akifika mwisho wa utumbo mdogo, bakteria hupenya ukutani na kumezwa na seli za kinga. Seli zinammeza ila zinashindwa kumuua, naye anazaliana humo polepole mno. Mara nyingi hupita miaka 2 hadi 5 bila dalili, na katikati ya muda huo mnyama huanza kumwaga bakteria kwenye kinyesi huku akionekana mzima. Kinga ikilegea, mara nyingi baada ya kuzaa, seli za kinga hurundikana hadi ukuta wa utumbo unanenepa na kukunjamana. Lishe haifyonzwi, na protini ya damu inavujia utumboni. Uvimbe wa taya unatokana na hapo: protini ikipungua kwenye damu, maji hutoka kwenye mishipa na kutuama chini ya ngozi.

maabara_mashinani: Msimhukumu kabla ya vipimo. Minyoo bapa wa ini nao huleta kuhara na uvimbe uleule wa taya, na albendazole ya kipimo cha minyoo ya kawaida (miligramu 7.5 kwa kilo) haiwatoshi. Inatakiwa 10, na hapo inaua waliokomaa tu. Omba kinyesi kipimwe mayai ya minyoo bapa kwa njia ya kutuamisha (mayai huzama chini), kisha PCR ya kinyesi (hutafuta vinasaba vya bakteria wa Johne) na ELISA ya damu (hutafuta kingamwili). Kuotesha bakteria kunachukua wiki 8 hadi 16, huyu hatasubiri. Na ELISA ikisema "hana" kwa wale wenzake wazima, usishangilie: katika hatua za mwanzo kipimo hicho hukosea sana.

mfugaji_nyanda: Ndama wake bado ananyonya. Nifanyeje?

dkt_wa_zizi: Mtenge leo. Huenda ameshaambukizwa, hata tumboni inatokea, kwa hiyo usimweke awe mtamba wa kuzalisha. Mnenepeshe aje achinjwe. Maziwa ya kumpa yachemshwe mpaka yatokote.

Kwa ndama wajao, nguvu iwe kwenye banda la kuzalia: matandiko mapya kila uzazi, kiwele kioshwe kabla mama hajazaa, ndama aondolewe mapema, na ndani ya saa 6 apewe lita 3 hadi 4 za dang'a ya ng'ombe mmoja aliyepimwa. Kuchanganya dang'a za ng'ombe kadhaa ni kosa, mmoja mgonjwa anatosha kuwachafulia wote. Mbolea mbichi isifike kwenye majani ya ndama. Penye kivuli na unyevu bakteria huyu anaweza kudumu karibu mwaka. Chanjo ipo katika baadhi ya nchi, lakini haizuii maambukizi kabisa, hupunguza tu dalili na bakteria kwenye kinyesi, na huvuruga kipimo cha ngozi cha kifua kikuu.

Tiba ya kuponya hakuna, acha kuchoma hela kwenye antibayotiki. Vipimo vikithibitisha, aende machinjioni, asiuzwe kwa jirani. Mwambie mkaguzi wa nyama akate utumbo pale unapokutana na utumbo mpana: ukiuvuta kwa vidole na makunyanzi manene yasinyooke, omba kipande kipelekwe maabara.